Siku Mashine ya Nchagwa Ilipopona

Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, na Nkende, pale Tarime, ikaamka imefunikwa ukungu wa baridi, ule unaokufanya usikie ng'ombe wa jirani kabla hujamwona. Oduol alifungua kibanda chake cha ufundi saa mbili kasoro, akavua kofia, akaweka viganja juu ya meza na kuomba kama alivyoomba kila siku kabla ya kushika bisibisi: "Baba, macho yangu yaone kilichoharibika, na mikono yangu isiharibu kilicho kizima." Siku nyingine aliomba mara moja akaanza kazi. Siku hiyo alirudia, maana kilichokuwa mezani hakikuwa redio ya kubadilisha waya na kuondoka.

Ilikuwa mashine ya kurekodi ya zamani, ya Kimarekani, kubwa kama sanduku la bibi harusi na nzito kama debe la mahindi. Juu yake yalikaa magurudumu mawili. Mkanda mwembamba wa kahawia ulitoka kwenye la kushoto, ukapita mbele ya kichwa kidogo cha chuma kinachosoma sauti, ukajikunja kwenye la kulia. Machage ndiye aliyeileta Jumatatu kutoka kijijini Kenyamonta, ameiviringisha blanketi nyuma ya pikapu kama mgonjwa anayepelekwa kulazwa.

"Fundi," alikuwa amesema Machage, mtu wa miaka hamsini na sita, mabega mapana, gambuti zake bado zina matope ya zizini, "humu ndani yumo tata."

Oduol alikuwa Mjaluo mzaliwa wa Tarime, na Kikurya chake cha sokoni kilimtosha kujua kwamba tata ni baba. "Marehemu?"

"Marehemu tangu mwaka sabini na tisa. Nchagwa, katekista. Alipokuwa anakufa, padri Mmarekani alikuja nyumbani na mashine hii na jenereta yake ya kwao, akamrekodi akitoa wosia. Padri alipohama akatuachia mashine, jenereta akaondoka nayo. Umeme hatukuwa nao. Ikakaa darini miaka thelathini na sita kama mzinga usio na nyuki. Nguzo zilipofika kwetu mwaka elfu mbili na kumi na tano, fundi mmoja akaifungia mashine transfoma, tukaiwasha. Mura, ndugu yangu! Wazee walivua kofia siku hiyo. Tata alisema! Sauti nzito, ya polepole. Tangu hapo kila mwaka tunakaa kumsikiliza. Sasa imekufa."

"Anasema nini?"

Machage akajikuna shingo. "Anasema mama asiondolewe penye mafiga yake mpaka siku Mungu atakapomwita." Akatazama gambuti zake. "Nikwambie ukweli, fundi. Pale penye nyumba ya mama ndipo penye mwinuko mzuri. Nina matofali ya kuchoma yananyeshewa tangu mwaka jana. Mama nimemwandalia chumba kwa nyuma, kizuri, cha sakafu ya saruji. Hataki. Wazee wa ukoo wamesema Jumamosi tuusikilize wosia tena, neno kwa neno, kabla sijagusa tofali. Kama si sauti ile, ningekwisha kujenga zamani."

"Na nikishindwa kuitengeneza?"

"Ukishindwa umeshindwa," alisema Machage, haraka mno. "Wazee wataamua bila yeye. Sitakulaumu hata kidogo."

Pikapu ilipoondoka, Dorka, mke wa Oduol, ambaye alikuwa akiuza maandazi kizingitini mwa kibanda, alicheka puani. "Huyo ni kama aliyempeleka mgonjwa hospitali huku moyoni amekwisha kumchimbia kaburi."

"Usihukumu, Mama Adero."

"Sihukumu. Natazama tu."

Jumanne Oduol aliifungua mashine. Mpira wa kuzungushia ulikuwa umeyeyuka ukawa lami. Aliikwangua kwa kijiti na kitambaa, akatia mpira mwingine. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba kama chura. Alizing'oa, akalehemu nyingine mahali pake. Kichwa cha kusomea alikisafisha kwa spiriti na pamba mpaka kikang'aa kama kijiko kipya. Sasa, Jumatano hii ya ukungu, ilikuwa zamu ya kupima.

Zamani Oduol alipima kwa sikio. Ikilia vizuri, imepona. Lakini miaka miwili iliyopita alijiandikisha darasa la jioni la watu wazima, akakaa dawati moja na vijana wanaoweza kuwa wanawe, na huko alijifunza kwamba sikio hudanganyika, kipimo hakidanganyiki. Ndani ya mfuniko wa mashine palikuwa pamebandikwa karatasi yenye maelezo, na kwa kamusi na subira alikuwa ametafsiri jambo moja: mkanda unatakiwa kutembea sentimita kumi na tisa kwa sekunde. Basi akachukua mkanda mtupu, akaupima kwa futikamba ya mshona nguo wa jirani sentimita mia na tisini, akatia alama nyeupe mwanzo na mwisho. Alama ya pili ilipaswa kupita baada ya sekunde kumi.

Ilipita baada ya sekunde kumi na mbili.

Akarudia, macho kwenye saa. Kumi na mbili. Akatia mafuta kwenye ekseli. Kumi na mbili. Akalegeza mpira, akaukaza. Kumi na mbili, bila aibu.

Akaweka mkanda wa Nchagwa asikie hata kidogo. Sauti ya mzee ilijaa kibanda, nzito, ikitembea kama fahali aliyeshiba. Kabla ya kila sentensi kulikuwa na mngurumo wa chinichini, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Oduol akadhani ni uchafu kichwani, akaongeza spiriti. Mngurumo haukuondoka.

Jioni hiyo darasani alinyoosha mkono kabla ya somo kuanza. "Mwalimu, mashine iliyo nzima kwa nini inachechemea?"

Mwalimu Ezra, kijana mwembamba mwenye koti linalomzidi, aliuliza imetoka wapi. Aliposikia ni Marekani, alitabasamu. "Umeme wetu unapiga mizunguko hamsini kwa sekunde, mzee wangu. Wa kwao unapiga sitini. Kuna mota ambazo hazijali volti, zinafuata mizunguko tu. Transfoma inapunguza volti, mizunguko haigusi. Gawanya mwenyewe."

Oduol aligawanya daftarini. Sitini kwa hamsini. Sekunde kumi zikawa kumi na mbili. Alipiga dawati kwa furaha, darasa zima likamgeukia. "Na jenereta ya padri ilikuwa ya kwao!" alisema. "Yeye alirekodi kwa sitini, wao wanasikiliza kwa hamsini!"

"Kaa chini, mzee Oduol," kijana mmoja nyuma akasema. "Utavunja mbao ya serikali."

Alhamisi aliipindua mashine, akaipekua pembe kwa pembe kama mama anayetafuta chawa. Chini kabisa, kando ya mota, kulikuwa na kijifuko cha karatasi ya nta kilichofungwa kwa skrubu. Ndani yake, kipande cha shaba, mviringo, kidogo kuliko pete ya mtoto, kimechorwa namba hamsini. Waliounda mashine walijua siku moja inaweza kufika nchi kama yetu. Oduol alikivika kwenye ekseli ya mota. Ekseli ikanenepa, ekseli nene inavuta mpira kwa kasi zaidi. Akawasha, akatazama saa.

Kumi. Kumi kamili.

"Asante Yesu!" alipiga kelele, na Dorka nje akadondosha andazi kwenye mafuta.

Akaweka mkanda wa Nchagwa akiwa anatabasamu bado. Tabasamu likamfia mdomoni.

Aliyesema alikuwa mwanamke.

Oduol alizima. Akatazama gurudumu: lilelile, na jina la Nchagwa kwa kalamu ya padri. Akawasha. Mwanamke. Akaivua shaba. Mzee. Akaivika. Mwanamke, sauti kavu, imara, ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya kijito. Na ule mngurumo wa kabla ya kila sentensi ulikuwa umegeuka mchakacho mwembamba, kama panya kwenye majani ya mahindi. Akasugua kichwa tena kwa spiriti. Panya hakuondoka. Akakizungusha kitufe cha kupunguza ukali, panya akafifia, na moyo wa Oduol haukutulia.

"Mama Adero. Njoo usikie."

Dorka alifuta mikono, akainamisha kichwa. "Mwanamke. Na mwanamke mwenye jambo lake. Anasemaje?"

"Anasema, 'Mimi Nchagwa.'"

"Basi Nchagwa alikuwa mwanamke."

"Nchagwa ni baba wa watoto sita, Dorka!"

"Sasa mimi nifanyeje, nikamzae upya?"

Oduol aliketi kwenye kreti. Kichwa kilimzunguka kuliko magurudumu. Kipimo kilisema mwanamke ndiye wa kweli. Familia nzima ilisema mzee ndiye wa kweli. Maneno yalisema Nchagwa, koo lilisema si Nchagwa. Kama fundi aliyefunga transfoma aliwachanganyia mkanda, mbona jina ni lake? Kama padri alikosea, mbona wosia ni uleule, neno kwa neno, mafiga yaleyale? Kila uzi aliouvuta ulikaza fundo lingine. Na nyuma ya mafundo yote alimwona mwanamke mzee asiyemjua, amekaa penye moto wake, akingoja kuondolewa. Maana Machage akisikia sauti ya kike, atasema wosia ni wa uongo, na tofali la kwanza litagusa ardhi Jumatatu.

Dorka alikuwa amefikiri kabla yake. "Vua hicho kipete, Baba Adero. Mashine iseme kama walivyoizoea. Bibi wa watu abaki kwake. Nani atajua?"

"Kipimo kinajua."

"Kipimo hakina mafiga."

Neno hilo lilimchoma. Alifunga mlango nusu, akapiga magoti kati ya spika chakavu, akaomba. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kijaluo, akamwita Mungu, Nyasaye, kwa majina aliyofundishwa na mama yake. Alisema, "Ukweli wangu utamtoa mama wa watu nyumbani kwake, na uongo wangu utamlinda. Je, ni mimi niliyekosea kusoma kipimo, au ni dunia?" Alisikia maandazi yakichemka nje. Lakini aliposimama alijua kitu kimoja tu, nacho hakikuwa kikubwa: kanuni ya kibanda chake tangu alipoanza kazi ilikuwa kwamba kifaa hakitoki mezani mpaka mwenyewe akisikie kwa masikio yake. Hiyo hangeivunja. Mengine hakuyajua.

Ijumaa saa nne pikapu ilirudi. Safari hii Machage alikuja na mama yake. Bhoke alikuwa na miaka kama themanini, mwembamba, kitenge begani, fimbo mkononi ambayo aliitumia zaidi kuonyeshea watu kuliko kutembelea.

"Shikamoo mama," alisema Oduol.

"Marahaba, baba. Ndiwe unayemfufua mume wangu?"

"Najaribu, mama. Kazi imeniletea mkanganyiko."

Mwalimu Ezra alikuwa amepita kukiona kile kipande cha shaba kwa macho yake, na wanawake wawili wanunuzi wa maandazi walikuwa hawajaondoka, kwa kuwa maandazi yaliisha na habari zilikuwa zinaanza. Oduol aliwakalisha wageni kwenye benchi.

"Nitaiwasha mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza kama mlivyoizoea. Mara ya pili kama ilivyoumbwa. Msiniulize kabla."

Akaivua shaba, akawasha. Sauti nzito ikatoka. Machage alivua kofia papo hapo, akainama. "Tata," alinong'ona. Bhoke alitazama sakafu.

Oduol akazima, akaivika shaba, akawasha tena.

Machage aliinua kichwa polepole. Akatazama mashine, akamtazama fundi. "Huyu nani?"

"Mkanda uleule, kaka."

"Mkanda uleule! Nimekuletea baba yangu, unanirudishia shangazi yako? Mmemweka nani humu, Mjaluo wewe?"

"Angekuwa Mjaluo angeimba," Dorka alisema toka mlangoni. "Huyo anagombeza. Ni Mkurya huyo."

Mwalimu Ezra alianza kueleza mizunguko hamsini na mizunguko sitini, akafika arobaini na nane akapotea mwenyewe. Machage hakuwa akisikiliza. Alikuwa amegeuza shingo, sikio limeelekea spika, uso umekunjamana kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha ufunguo. Kisha akamtazama mama yake.

"Mama. Hiyo ni sauti yako."

Bhoke akagonga fimbo chini. "Ni yangu."

"Ni yako?" Machage alisimama, benchi likapinduka. "Miaka tisa navua kofia! Mwaka mzima matofali yangu yanaota ukoka! Kumbe nyumba ulijipa mwenyewe kwa mdomo wako?"

"Keti."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini funga mdomo." Bhoke hakupandisha sauti. "Baba yako kifua kilikuwa kimekwisha. Neno likitoka, linatoka kama pumzi tu. Padri akasema mashine haitamsikia. Nikalala ubavuni mwake, kipaza sauti kati yetu. Yeye ananong'ona, mimi natamka. Alivyosema 'Mimi Nchagwa,' nikasema 'Mimi Nchagwa.' Ningesemaje, 'Mimi Bhoke'? Mdomo ulikuwa wangu, neno lilikuwa lake."

"Na kwa nini hukusema siku ile ya umeme?"

Mwanamke mzee aliitazama mashine. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu asiye na hakika. "Nilitaka kusema. Nilijua nitasikia sauti yangu. Mkawasha, nikamsikia yeye. Yeye kabisa, kama alipokuwa mzima na anakuja kutoka zizini. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nikajiuliza, pengine ni mimi niliyesahau. Pengine alisema mwenyewe, mimi nikaota. Na ninyi mmevua kofia, mnalia. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, na mpaka leo sijui nilikuwa namsikiliza nani."

"Maneno hayo hayana shahidi," alisema Machage, lakini kwa sauti ya chini. "Wazee kesho wataniuliza shahidi."

Hapo Oduol aliigeukia mashine. Panya kwenye majani ya mahindi! Kabla ya kila sentensi, kila mara kabla. Alikuwa ameunyunyizia mchakacho ule spiriti siku mbili, akataka kuufuta kama uchafu.

"Mama," alisema, "yeye mwenyewe alikuwa karibu na kipaza?"

"Kama wewe na meza."

Oduol akarudisha mkanda mwanzo. Kile kitufe cha kupunguza ukali alichokibana jana alikiachia chote, akaongeza sauti mpaka spika ikapumua. "Msisikilize mama. Sikilizeni kabla yake."

Watu wote waliinama, hata wanunuzi wa maandazi. Mchakacho ulikuja, mwembamba, umechanika, na ndani ya mchakacho mlikuwa na mtu. Pumzi, neno, pumzi. Kisha Bhoke wa zamani akalitamka neno lilelile kwa sauti kubwa. Pumzi, neno, pumzi. Na Bhoke tena. Mafiga. Mpaka Mungu amwite. Mzee wa kweli hakuwa na sauti nzito hata kidogo. Alikuwa na sauti ya karatasi.

Kisha palikuja nong'ono moja ambalo mwanamke hakulirudia. Lilikuwa la haraka, lenye hasira kidogo, na likaishia kwenye kikohozi. Oduol hakulielewa. "Amesema nini?"

Machage alikuwa amekalia kreti la fundi bila kuombwa.

"Amesema, 'Machage, funga mlango, ndama anaingia.'" Alijifuta uso kwa kofia. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisimama mlangoni nikichungulia mashine ya padri. Ndama alipita katikati ya miguu yangu. Hakuna mtu anayelijua hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa silijui tena."

"Hilo sikulitamka," alisema Bhoke. "Halikuwa la wosia."

Mashine iliendelea kuzunguka. Machage alicheka, halafu hakucheka, akamtazama mama yake kana kwamba ni mgeni. "Kwa hiyo miaka yote hii namlilia tata, aliyekuwa anasema ni wewe, na wewe umekaa pembeni yangu unakunywa chai."

"Chai ilikuwa haina sukari ya kutosha," alisema Bhoke.

Dorka aligeuka kuficha uso. Oduol alizima mashine taratibu. Bado hakuweza kusema, kama angeulizwa, ni sauti ipi iliyokuwa ya Nchagwa: ile nzito ambayo haikuwahi kutoka kwenye koo la mtu yeyote, ile kavu ya mkewe, au ile ya karatasi. Alijua tu kwamba kama angeivua shaba kwa huruma, ndama yule asingeingia tena mlangoni.

Bhoke alijiinua kwa fimbo. "Wosia wa baba yako umeusikia. Mdomo wangu nao umeusikia. Kesho wazee watasikia. Lakini baba yako amekufa na mimi nafuata, na matofali bado yapo. Sasa nataka na wosia wako."

"Nirekodi?" Oduol aliuliza, mkono tayari kwenye kipaza.

"Acha hicho chuma. Kimetuchanganya vya kutosha. Hawa hapa wana masikio."

Machage alisimama. Kofia ilikuwa mkononi tayari, akaihamisha mkono wa pili, akaikunja. Akawatazama mmoja mmoja: fundi, mke wa fundi, mwalimu mwenye koti kubwa, wanawake wawili wenye maandazi yaliyopoa. Akasema kwa Kiswahili ili wote waelewe:

"Mimi Machage, mwana wa Nchagwa na Bhoke, nasema mbele yenu na mbele za Mungu: mama yangu hataondolewa penye mafiga yake nikiwa hai. Nitajenga chini ya mwinuko, na mlango wangu utatazama wake. Mkisikia nimefanya vingine, njooni Kenyamonta mniulize."